Matairi Makubwa Bila Kukata Shafti ya Nyuma: Mwongozo Kamili kwa Pikapu za Kazi za Dodoma

Gari linafungwa matairi ya inchi 33 au 35, linatoka gereji likiwa limesimama vizuri, na baada ya muda si mrefu linavutwa kutoka kwenye korongo la mchanga, shafti ya nyuma imekatika. Inafungwa shafti nyingine, nayo inakatika. Lawama zote huangukia spea feki. Spea feki zipo, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi kazi ilianzia mwisho: matairi yalinunuliwa kwanza, ekseli ikakumbukwa baada ya kulia.

Hapa tunaanza na ekseli, matairi yanakuja karibu na mwisho. Mwongozo unahusu gari zenye ekseli nzima ya bomba nyuma, yaani Land Cruiser za 70, Hilux na Defender za zamani, zinazopita kwenye mchanga wa Kondoa, udongo mweusi wa mbuga huko Bahi, mawe ya milima ya Mpwapwa na barabara za vumbi za Chemba na Manyoni.

## Vifaa vya kuandaa

- Jeki ya tani 3 au zaidi, stendi mbili za chuma, na vipande vinne vya mbao au mawe ya kuzuia magurudumu
- Spana za kawaida na spana ya torki
- Kitabu cha ufundi cha gari lako, kwa ajili ya namba za kukaza
- Oili ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli) ya daraja la GL-5, 80W-90 au 85W-90, lita 4
- Grisi ya beringi inayostahimili joto, nusu kilo
- Oili sili mpya za pande zote mbili, gasketi, na gundi ya gasketi
- Mpira wa kupitisha oili au hewa, mita 2, na klipu zake
- Mafuta ya taa lita 2, brashi ya waya, vitambaa safi, chokaa au unga wa chaki
- Rangi nyeupe kidogo na brashi nyembamba
- Futi kamba

Kama difu yako ni ya aina inayobana magurudumu yenyewe kwa klachi za ndani, nunua oili iliyoandikwa kuwa inafaa difu hizo. Oili ya kawaida itazifanya zitetemeke na kulia kwenye kona.

## Elewa kwanza kinachokata shafti

Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Torki yake ya juu ni Nm 285. Ukiweka gia ya kwanza inayozidisha mara 4.5, low (gia nzito ya fowili) inayozidisha mara 2.5 na difu ya 4.11, nguvu inayofika kwenye ekseli kwa hesabu inazidi Nm 13,000. Shafti haipati mzigo huo wote kwa sababu tairi huteleza kabla. Kuteleza huko ndiko kunakoilinda.

Sasa pima mahali tairi linapoteleza. Gurudumu lenye uzito wa kilo 1,000 juu yake, likiwa kwenye jiwe kavu linaloshika vizuri (msuguano wa 0.8), tairi la milimita 777 huteleza shafti ikiwa imefikia karibu Nm 3,050. Badilisha tairi liwe la milimita 879 na shafti italazimika kuvumilia karibu Nm 3,450 kabla tairi halijateleza. Uzito ni uleule, jiwe ni lilelile, dereva ni yuleyule, ila shafti imeongezewa asilimia 13.

Hiyo ni hali ya utulivu. Ukiongeza uzito wa tairi lenyewe, mambo yanabadilika. Tairi zito linalozunguka hewani kisha likashika jiwe ghafla linasimama kwa kishindo, na kishindo hicho kinaingia kwenye shafti. Shafti nyingi hukatika hapo, hasa gari likiwa na difu loki, yaani kifaa kinachofunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa pande mbili. Ukiifunga, gurudumu moja likiwa hewani, upande mwingine unabeba kila kitu.

## Hatua ya 1: Tambua shafti yako inabeba au inazungusha tu

Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Ukiona habu (kitovu cha gurudumu) imejitokeza nje ikiwa na duara la nati au bolti ndogo, shafti hiyo inazungusha tu. Uzito wa gari umebebwa na habu na beringi zake mbili. Pikapu nyingi za Land Cruiser 70 na Defender 110 ziko hivi. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake.

Kama katikati ni bapa na hakuna nati ndogo, shafti inazungusha na pia inabeba uzito. Hilux ni mfano wake. Hapa shafti ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaondoka pamoja na dramu la breki.

Usiamini jina la gari, tazama kwa macho, maana hata ndani ya Land Cruiser kuna zilizotofautiana. Kwa gari ambalo shafti yake inabeba na linapakia mizigo kila wiki, tunashauri usivuke inchi 33.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya kimo cha tairi

Zidisha upana wa tairi kwa asilimia yake, gawanya kwa 100, zidisha kwa 2, kisha jumlisha rimu mara 25.4. Mfano, 285/75R16: 285 × 75 ÷ 100 × 2 = 427.5, jumlisha 406.4 upate milimita 834.

- 265/70R16: milimita 777
- 7.50R16: karibu 805, hutofautiana kidogo kwa kiwanda
- 285/75R16: milimita 834
- 315/75R16: milimita 879

Ukitoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 umeongeza asilimia 7. Kwenda 315/75R16 ni asilimia 13. Lakini pikapu inayotumia 7.50R16 ikienda 285/75R16 imeongeza chini ya asilimia 4, kwa hiyo mabadiliko makubwa ni ya upana na uzito, si kimo.

Chini ya asilimia 5, ukaguzi wa hatua zinazofuata unatosha. Kati ya 5 na 10, fikiria kubadili uwiano wa difu kama unapakia mzigo au unapanda milima. Zaidi ya 10, hatua ya 7 si ya kuruka.

## Hatua ya 3: Isikilize oili kabla ya kufungua kitu

Endesha dakika 15 oili ipate joto. Simamisha gari mahali tambarare, zuia magurudumu, kisha fungua tundu la kujazia kwanza. Ukimwaga oili halafu ukakuta nati ya juu imeganda au imechakaa, umebaki na gari lisilotembea.

Mwaga oili kwenye beseni safi na ufute sumaku ya nati ya chini kwa kidole. Utelezi wa kijivu, laini, ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno au beringi, na difu hiyo inafunguliwa leo, si baada ya safari. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa ina maji. Nenda hatua ya 6 ukiwa na hasira.

## Hatua ya 4: Toa shafti na uzisome

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye majibu mengi.

Inua nyuma, weka stendi chini ya bomba la ekseli, usitegemee jeki peke yake. Kwa shafti inayozungusha tu, fungua nati za duara, gonga pembeni ya flenji (bamba la duara mwishoni mwa shafti) kwa nyundo ya shaba ili washa za koni zitoke, kisha vuta shafti. Kwa Hilux, toa dramu, tenganisha paipu ya breki na waya wa hendibreki, fungua nati nne nyuma ya bamba la breki, vuta shafti ikiwa na beringi yake.

Isafishe kwa mafuta ya taa, ikauke, kisha angalia mambo matatu.

Meno ya mwisho. Mistari ya meno inapaswa kunyooka sambamba na shafti. Ikiwa imepinda hata kidogo kama uzi wa skrubu, chuma kimeshapita uwezo wake. Shafti hiyo haina matengenezo.

Nyufa. Paka mafuta ya taa mahali meno yanapoanzia na mahali shafti inapokutana na flenji. Subiri dakika 10, futa pakauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye unga.

Mahali beringi inapokaa (kwa Hilux). Pasiwe na rangi ya bluu wala mkwaruzo. Bluu maana yake kuna fundi aliyetoa ringi inayoshikilia beringi kwa moto wa gesi. Ringi hutolewa kwa kuisaga karibu imalizike kisha kuipasua kwa patasi, bila kugusa shafti. Moto hulainisha chuma kilichokomazwa, na shafti itakatikia palepale.

Shafti nzima ikishathibitika, chora mstari mmoja mweupe ulionyooka kutoka flenji hadi kwenye meno. Siku utakayoitoa tena, mstari ukiwa umejizungusha, shafti imejipinda na inasubiri siku yake.

Onyo: usikubali shafti iliyochomelewa, hata kama imepitishwa kwenye leizi (mashine ya kuchonga chuma) na inang'aa. Usichomelee pia gia ndogo za difu ili iwe loki ya bei rahisi. Kwenye lami magurudumu mawili yatalazimika kuzunguka sawa kwenye kila kona, na kinachotoa nafasi ni shafti.

## Hatua ya 5: Kagua bomba, habu na nati

Safisha bomba la ekseli kwa brashi ya waya, hasa kuzunguka viti vya springi na mahali bomba linapoingia kwenye nyumba ya difu. Rudia jaribio la mafuta ya taa na chaki. Unyevu wa oili usio na chanzo mara nyingi ni ufa.

Kujua kama bomba limepinda, rudisha shafti na magurudumu, shusha gari chini na usukume mita kadhaa mbele. Pima umbali kati ya rimu mbili za nyuma kwa mbele ya ekseli, kisha kwa nyuma yake, kwa kimo kilekile. Ekseli iliyonyooka hutoa vipimo vinavyolingana. Tofauti ya milimita 3 au zaidi inataka uchunguzi. Bomba lililopinda hula meno ya shafti na kuvujisha sili, na matairi makubwa huharakisha yote mawili.

Kuongeza bamba la kuimarisha bomba ni kazi nzuri ikifanywa kwa mishono mifupi ya kupokezana, juu na chini, kushoto na kulia, chuma kikiachwa kipoe kila mara. Mshono mmoja mrefu utalipinda bomba ulilotaka kuliimarisha.

Kwa habu zenye beringi mbili, zioshe na uzikague. Grisi iliyoyeyuka na kunuka oili ya difu inaonyesha sili ya ndani imekwisha. Paka grisi mpya hadi ipenye katikati ya roli. Kaza nati ya beringi huku ukizungusha habu, legeza, kaza tena kwa namba ya kitabu. Gurudumu likirudi, lishike juu na chini ulitikise: lisicheze, na lizunguke bila kukwaruza.

Nati za flenji ya shafti zisafishiwe nyuzi, zipakwe gundi ya kushika nyuzi na kukazwa kwa spana ya torki. Zikilegea kwenye barabara za mikunjo, flenji huanza kucheza na kukata bolti moja baada ya nyingine. Dalili yake ni michirizi ya oili inayotoka katikati ya rimu kwenda nje. Watu wengi huiosha siku ya kuosha gari na kuisahau.

## Hatua ya 6: Inua tundu la hewa la difu

Difu ikiwa ya moto kisha ikaingia kwenye maji ya korongo, hewa ya ndani husinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Toa kifuniko kidogo kilicho juu ya bomba, unganisha mpira, uupandishe hadi juu ya chesi au nyuma ya kebini, na mdomo wake uelekee chini. Uache ulegee kiasi springi zinapocheza.

Hii ni kazi ya nusu saa. Ifanye kabla ya mvua za Desemba.

## Hatua ya 7: Rekebisha uwiano wa difu

Tairi kubwa hufanya gari liwe kama limeongezewa gia ndefu. Dereva hulipia kwa kukanyaga mafuta zaidi na kuchelewesha kuachia klachi, na hapo vishindo vinaanza.

Jua uwiano ulio nao. Zuia magurudumu ya mbele vizuri, weka gia huru, toa hendibreki, inua gurudumu moja la nyuma. Kuwa mwangalifu, gari lisilo na hendibreki linaweza kutembea. Weka alama kwenye propela, zungusha gurudumu mara 2 kamili, mwenzako ahesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 4 na kipande kidogo, ni 4.11, yaani krauni (gia kubwa ya difu) ya meno 37 na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya meno 9. Jaribio hili ni la difu isiyobana wala kujifunga.

Kisha zidisha: 4.11 × 879 ÷ 777 = 4.65. Zilizo karibu ni 4.56 (41 kwa 9) na 4.88 (39 kwa 8). Gari linaloshinda kwenye lami ya Singida na Babati liwekewe 4.56. La kupanda milima na kuvuta trela liwekewe 4.88, ukijua kwamba pinioni yenye meno machache ni nyembamba, kwa hiyo 4.88 inataka mguu mwepesi zaidi.

Mambo matatu yasiyo na mjadala:

1. Difu ya mbele ibadilishwe iwe na uwiano uleule. Tofauti ya mbele na nyuma ukiwa kwenye fowili itavunja kitu ndani ya muda mfupi.
2. Krauni na pinioni hununuliwa pamoja na kufungwa pamoja. Usichanganye za difu mbili.
3. Fundi awe na geji ya saa, ya kupimia nafasi ndogo kati ya meno. Mwachano wa meno kwa difu nyingi za Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.20, fuata kitabu. Rangi ya kupimia meno iache alama katikati ya jino, si kwenye ncha wala kwenye shina.

Baada ya kufunga, safari ya kwanza iwe ya kilomita 25 hivi bila mzigo, kisha difu iachwe ipoe kabisa. Usivute kitu kwa kilomita 800 za mwanzo, halafu mwaga oili na uweke mpya. Difu iliyofungwa sawa haitoi mlio ukikanyaga wala ukiachia. Mlio wa kuachia tu, au joto lisiloruhusu kuweka kiganja, unairudisha difu mezani.

## Hatua ya 8: Sasa nunua rimu, matairi na spea tairi

Chagua rimu inayoliacha tairi karibu na mahali la zamani lilipokuwa. Kama katikati ya tairi ni milimita 60 kutoka kwenye beringi na ukaongeza spesa (kipande cha kulisogeza gurudumu nje) ya milimita 30, umeongeza nusu nzima ya nguvu inayopinda shafti ya Hilux. Land Cruiser 70 za V8 zina ekseli ya nyuma nyembamba kuliko ya mbele, na wengi husahihisha kwa rimu zilizotoka nje. Gari linapendeza, beringi zinalipa.

Nunua matano, si manne. Spea tairi dogo likifungwa nyuma, gia ndogo za difu huzunguka muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, na hazikuundwa kwa kazi hiyo. Ukilazimika, lipeleke dogo ekseli ya mbele, hamishia kubwa nyuma, na usiweke fowili.

Tairi lenye uwezo wa kubeba zaidi haliongezi uwezo wa ekseli. Kibao cha gari kikisema kilo kadhaa, magunia ya soko la Kibaigwa yaheshimu kibao hicho.

Mwisho, spidomita sasa inadanganya. Kwa ongezeko la asilimia 7, ikisoma 80 unakwenda karibu 86. Kwa 13, unakwenda 90. Vijijini kwenye 50, hiyo inatosha kupigwa tochi.

## Hatua ya 9: Breki

Nguvu ya kusimamisha hupungua kwa karibu kiasi kilekile tairi lilivyokua. Weka viatu vya breki vipya vya nyuma kama vimebaki nusu, rekebisha dramu, badilisha mafuta ya breki. Jaribu ukiwa na mzigo, barabara tupu.

## Hatua ya 10: Kuendesha bila kuua kazi yote

Kwenye mchanga punguza upepo hadi psi 18 au 20 gari likiwa jepesi, zaidi kidogo likiwa na mzigo, na usivuke kilomita 40 kwa saa. Tairi lililolala linapita bila kuchimba, na shafti haipigwi. Jaza tena kabla ya lami.

Tairi likianza kurukaruka, ondoa mguu palepale. Kurukaruka huko ni shafti inayokunjwa na kuachiwa mara kadhaa kwa sekunde.

Ukikwama, chimba kwanza. Tabia ya kwenda mbele na nyuma kwa kasi ndiyo inayomaliza difu, kwa sababu ukirudi nyuma meno hubeba kwa upande wake dhaifu. Difu loki ifungwe gari likiwa limesimama, kabla ya kikwazo, na ifunguliwe mara unapokivuka.

## Ratiba ya kurudia ukaguzi

- Kilomita 100: kaza nati za magurudumu na za flenji
- Kilomita 500: kaza bolti za U za springi, angalia michirizi ya oili, tikisa magurudumu
- Kila kilomita 5,000: kagua kimo cha oili, krosi za propela na mpira wa hewa
- Kila baada ya kuzama kwenye maji hadi habu: fungua nati ya chini kidogo gari likiwa limepoa usiku mzima. Maji hukaa chini, kwa hiyo yatatoka kabla ya oili. Yakitoka, badilisha oili yote
- Kila kilomita 40,000, au baada ya kukwama vibaya: toa shafti na utazame ule mstari mweupe